Maharagwe Aliyowanyima Nguruwe

Baba yetu, Jackson Mbaluka Ndete, alizaliwa hapa Masii tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Ndete na marehemu Kamene, ambaye mimi msomaji wa wasifu huu nimerithi jina lake.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1976. Karo ya sekondari ilikosekana, akaenda Nairobi kubeba magunia katika soko la nafaka.

Mwaka 1994 alianza kufuga nguruwe Kariobangi. Alinunua maharagwe yaliyoharibika: yaliyonyeshewa shambani, yaliyovunjika, yaliyotobolewa na fukusi. Aliyachagua kwa mkono, akayachemsha kwenye pipa hadi yakalainika, akamwaga maji na kuchanganya na pumba za mahindi. Nguruwe wake walikua vizuri. Yenye ukungu aliyatupa. Lile pipa lilinuka vibaya sana, nami nilikula nimeziba pua. Yeye alicheka tu: "Kamene, hiyo ndiyo harufu ya karo yako."

Kinyaa chenyewe tulikijua mwaka 2019. Muoki, muuza maharagwe pale sokoni, alikuwa akiyaokota yale ya ukungu jaani, anayaosha, anayaanika, kisha anayachanganya na mazuri na kuwauzia wapika githeri, ile ya mahindi na maharagwe. Baba alimfumania.

"Muoki, hata nguruwe wangu siwapi haya. Wewe unalisha watoto wa watu?"

"Wacha wewe! Zikiiva na kitunguu nani atajua?"

Baba alitapika pale pale. Tangu hapo, kila alichotupa alikimwagia oili chafu ya gereji.

Alifunga ndoa kanisani na mama yetu, Wanza, tarehe 2 Desemba 1989. Hawakuwahi kulala wamenuniana, ingawa mama alimlazimisha avue buti mlangoni kila jioni.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2023. Alifariki tarehe 9 Machi mwaka huu wa 2025, mama akiwa amemshika mkono.

Jumatano, Muoki alituletea gunia la maharagwe, eti ya kulisha waombolezaji. Mama alizamisha mkono hadi chini, akatoa kiganja kizima cha ukungu wa kijani. Yaani hata kwenye matanga! Huyu mtu anatia kichefuchefu.

Marehemu ameacha mjane, Wanza; watoto, Kamene, Mativo na Celine; wajukuu wanne; na nguruwe tisa wanaokua.

Tukitoka kaburini, karibuni nyote muthokoi, yaani mahindi ya kukoboa, na ndengu tulizonunua wenyewe. Muoki, mama amekupikia sufuria yako kutoka gunia lako. Utapakuliwa wa kwanza, mbele ya wote.

Baba, sasa pumzika kwa amani.