Josepha na Sauti za Vifaranga Wake

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum. Kabla mwili haujaanza safari ya Rombo, familia imenituma mimi, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno mengi, hayatakuwa mengi.

Josepha Pius Tarimo alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 huko Mkuu, Rombo, akasoma shule ya msingi kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1981, na mwaka 1986 akaja Dar es Salaam kwa mama yake mdogo, akaajiriwa kwenye duka la vyakula vya mifugo hapa Kariakoo, hadi mwaka 1998 alipoanza kulea na kuuza vifaranga wake mwenyewe. Tarehe 14 Septemba 1991 alifunga ndoa na ndugu Ansbert Shirima, fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja, Nice.

Wengi wenu mnalijua bruda lake la kulelea vifaranga kwenye chumba cha uani, mbao laini za dari zilizokunjwa duara ili kusiwe na kona ya kukanyagana, maranda chini, jiko la mkaa katikati. Kifaranga mgeni alichovywa mdomo kwenye maji ya glukosi kwanza, chakula baadaye, na mteja mwenye haraka aliulizwa, jamani, wewe ulipozaliwa ulipewa ugali? Vifaranga aliwajua kwa sauti, wakilia huku wamebanana wana baridi, wakihema kimya pembeni wamezidiwa joto, hata mumewe akalalamika kwamba katika nyumba ile anayesikilizwa ni kuku tu.

Mwezi Januari mwaka huu alianza kuugua figo, na tarehe 3 Mei akalazwa, akiwaacha vifaranga waliototolewa juzi yake mikononi mwa Ansbert. Huko wodini hakuulizia ugonjwa, aliulizia wanawe, yaani vifaranga, akaomba kila jioni asikilizishwe sauti zao kwa simu. Wiki ya pili ikanyesha mvua kubwa, Ansbert akaogopa baridi, akafunga madirisha yote, akaziba na chini ya mlango kwa khanga, mkaa ukiwaka ndani, na asubuhi akakuta wote wamekufa. Masikini, hakuwa na ubavu wa kumwambia mgonjwa, akakimbilia kwa jirani yetu Bi Mwanamkuu, aliyekuwa amepokea vifaranga wapya, na kuanzia jioni ile sauti zilizosikika kwenye simu zikawa za hao. Josepha alifariki dunia tarehe 29 Mei, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, paroko na jumuiya, wafanyabiashara wenzake, majirani waliopika na kubeba viti, na kwa namna ya pekee Bi Mwanamkuu, aliyesogeza simu kwenye bruda lake kila jioni bila kuchoka.

Hili la mwisho limeongezwa na Nice, na Ansbert analisikia leo kwa mara ya kwanza, kaka, utusamehe. Jioni ile ya kwanza ya vifaranga wa Bi Mwanamkuu, simu ilipokatwa, Josepha alimwambia binti yake aliyekuwa naye wodini, hawa si wangu, hawa ni wa jana, wangu sauti zilishaanza kukomaa, wangu wamekufa, ila usimwambie baba yako kwamba najua, amehangaika mno, mwache apige. Na kila jioni akapokea simu ile, akasema, Baba Nice, wanaendelea vizuri, umewatunza.

Mama Nice, pumzika kwa amani, Baba Nice tunaye sisi.