Wasifu wa Marehemu Melania Kabura, Aliyemkuta Mama Yake Nyuma ya Kioo

Baba Paroko, majirani zetu wa Muyinga, nanyi mliosafiri kutoka Gitega na Makebuko: familia imemwomba Yakobo, mtoto wa kwanza wa marehemu, awasomee maisha ya mama yake. Ameyaandika mwenyewe, na pale anapostahili lawama hakujificha.

Melania Kabura alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 kwenye kilima kimoja cha Bugendana, Gitega, akiwa mtoto pekee wa Longino Ntirampeba na Christina Bukuru. Mama Christina alifuma agaseke, vile vikapu vidogo vyenye mfuniko uliochongoka. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mizunguko ya vikapu vyake ilikwenda kinyume na ya wanawake wengine wote wa kilimani. Melania alipokuwa na miaka tisa, alikiweka kimoja karibu mno na mafiga kikaungua ubavuni. Mama yake hakumchapa. Alichomoa nyuzi nyekundu kwenye pindo la gauni la binti huyo, akaziba palipoungua, akasema, "Haya, sasa hiki ni chako."

Alianza shule ya misheni Bugendana na alikuwa darasa la nne damu ilipomwagika mwaka 1972. Mwezi wa Mei Longino alimshika mkono wakakimbilia Tanzania. Mama Christina alisema angewafuata baada ya kumchukua bibi yake Melania, kizee aliyekuwa mgonjwa kitandani. Hakuwafuata. Mwezi wa Desemba, katika makazi ya Ulyankulu, Tabora, mtu mmoja aliyefika nyuma yao aliapa kwamba aliiona nyumba yao ikiwaka na hakutoka mtu. Longino aliomba misa ya marehemu. Tangu siku hiyo Melania alijua kwamba hana mama. Alimaliza darasa la saba Ulyankulu mwaka 1977.

Kazi yake ilikuwa shamba na cherehani. Alilima tumbaku na mahindi Ulyankulu, akawafundisha wasichana kushona sare za shule, na jioni alifuma vikapu. Yeye alitumia mkono wa kulia, na mara nyingi alifumua alichofuma kwa sababu, alisema, hakikufanana. Baba yake alifariki mwaka 1995 akazikwa hukohuko.

Tarehe 3 Julai 1982 alifunga ndoa na Thomas, kijana ambaye wazazi wake walitoka Muyinga. Mungu aliwapa watoto watatu: Yakobo, Domitila na Emmanuel. Waliishi pamoja miaka thelathini na minne, mpaka mzee Thomas alipofariki mwaka 2016. Hatukumbuki kuwasikia wakigombana kwa sauti. Mzee akikasirika alikwenda kupasua kuni, na mama alitujulisha kwa kusema, "Leo tutakuwa na kuni nyingi."

Agosti 2008 familia nzima ilirudi Burundi, ikafikia kwa ndugu za mzee Thomas hapa Muyinga. Wiki ya tatu mama alisema anataka kwenda Bugendana, akaone tu kilima alichozaliwa. Yakobo alikuwa na miaka ishirini na mitano, na alijiona anajua mambo. Alimwambia, "Mama, kule utamkuta nani? Watasema tumekwenda kudai shamba, watu wauane bure." Mama alimtazama kidogo, akarudi kuchambua maharage. Hakulitaja tena kwa miaka tisa.

Jumamosi ya tarehe 16 Septemba 2017, akinamama wa parokia walikwenda matembezi Gitega. Baada ya kuona mji walipelekwa kwenye nyumba ndogo ya makumbusho, ya watu binafsi: vyumba vitatu vya mikuki, vibuyu vya maziwa, ngoma na vitambaa vya magome ya mti. Katika chumba cha mwisho, kwenye kabati la kioo, kulikuwa na agaseke. Mizunguko yake ilikwenda kinyume. Ubavuni kulikuwa na kiraka cha nyuzi nyekundu. Wenzake wanasimulia kwamba Melania hakulia wala hakupiga kelele. Aliweka viganja vyote viwili juu ya kioo, na basi lilipopiga honi hakusikia.

Kadi iliyokuwa chini ya kikapu ilisema: Kimepokewa Bugendana, 1974. Mfumaji hajulikani.

Mwaka 1974. Miaka miwili baada ya misa ya marehemu. Alirudi nyumbani na mwaka huo mmoja kichwani.

Kuanzia hapo alikwenda Gitega kila alipoweza, akaamka alfajiri na kupanda gari lolote lililopatikana. Alizunguka pia makumbusho mengine ya nchi hii, mpaka Bujumbura, akapita chumba kwa chumba akitafuta kikapu kingine kilichozunguka kushoto. Hakupata. Lakini pale Gitega mlinzi wa nyumba, bwana Radjabu, ambaye yuko nasi leo, alimzoea. Siku moja mama aliinama mbele ya kioo akasema, "Shikamoo, mama." Bwana Radjabu, aliyekuwa akifagia nyuma yake, akaitikia, "Marahaba, mwanangu!" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alitusimulia kisa hicho mara nyingi.

Alichotaka ni daftari la mapokezi, ajue nani alikitoa kikapu kile. Daftari lilikuwa limefungiwa, mwenye ufunguo alikuwa Ulaya. Zilipita karibu miaka miwili. Tarehe 11 Juni 2019 bwana Radjabu alimpigia simu kwamba daftari limefunguliwa, na safari hiyo Yakobo alimsindikiza, akiwa amechoka na mambo hayo na hakuficha uchovu wake.

"Mama, iko ya Kifaransa," bwana Radjabu alisema, kidole chake kikifuata mstari. "Mi nitakusomea polepole. Wameandika hivi: 'Kimepokewa kwa mwanamke mwenye alikifuma. Amepewa blanketi moja.'"

"Mwanamke aliyekifuma," mama alirudia. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Jina hawakuandika, pardon. Lakini iko mstari mwingine."

"Soma, baba."

"'Kesho yake alirudi na blanketi, akaomba kikapu chake. Alisema ni cha mtoto. Lakini gari ilikuwa imeshaenda.'"

Wiki iliyofuata mama na Yakobo walipanda kilima cha Bugendana kwa miguu. Hakuna aliyewauliza habari za shamba. Watu waliwaelekeza kwa bibi mmoja, Adventina, ambaye alikuwa jirani yao wa zamani. Alimtazama mama usoni. Alisema kwa Kirundi, na haya ndiyo maneno yake kwa Kiswahili:

"Wewe ni wa Christina. Ulikuwa wapi?"

Christina hakufa mwaka 1972. Siku nyumba ilipochomwa alikuwa amejificha bondeni, bibi kizee mgongoni na kikapu kile mkononi. Baadaye alirudi, shamba likiwa limeshachukuliwa, akaishi kwenye jiko la Adventina, kisha kwenye kibanda kando ya jiko hilo. Hakuolewa tena. Wakimbizi walipoanza kurudi kutoka Tanzania, alikuwa akishuka barabarani kila wanapoteremshwa watu wa Bugendana, akitaja majina mawili, Longino na Melania. Hakuna aliyeyajua. Sisi tulikuwa tumeteremshwa Muyinga.

"Alifariki lini?" mama aliuliza.

"Februari, mwaka elfu mbili na kumi."

Mama alihesabu kwa vidole, Agosti mpaka Februari, kisha mwaka mzima, kama mtoto wa shule. Miezi kumi na minane. Kwa miezi kumi na minane yeye na mama yake walikuwa kwenye nchi moja, mwendo wa siku moja, wote wawili wazima. Akakaa pale pale chini kwenye udongo. Yakobo alitaka kumwinua. Akamwambia, "Niache." Ndilo neno pekee alilomwambia siku ile.

Kaburi walionyeshwa kwa kukisia. Mahali penyewe pamelimwa muhogo, na mwenye shamba, mtu mpole, alisema kwa aibu kwamba msalaba ulioza zamani, hajui ni mstari upi.

Mama aliwaandikia barua wenye makumbusho kuomba jina la Christina Bukuru liwekwe kwenye kadi. Bwana Radjabu hakungoja ruhusa, alilitia kwa penseli. Mwaka 2022 nyumba ile ya makumbusho ilifungwa, vitu vikapakiwa kwenye masanduku na kupelekwa tusikokujua. Tumeuliza. Mama naye aliuliza mpaka alipochoka kuuliza.

Tungependa kusema kwamba alipata faraja. Hakupata. Aliacha kufuma. Kanisani alikuja, lakini wakati wa kuimba alifumba mdomo. Presha ilimpanda tangu mwaka 2021, na Machi 2024 alipooza upande mmoja. Domitila alimwogesha na kumlisha kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila kunung'unika, na Emmanuel alimbeba kila asubuhi kumtoa nje aote jua. Alifariki hospitalini hapa Muyinga, Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne.

Siku tatu kabla ya kufariki alimwita Yakobo. Mwaka 2019 walikuwa wameipata tarehe kamili kwenye kitabu cha parokia ya Bugendana: Christina alizikwa Jumamosi, tarehe 20 Februari 2010.

"Siku ile," mama aliuliza, na maneno yalimtoka kwa shida, "sisi tulikuwa tunafanya nini?"

"Sikumbuki, mama," Yakobo alijibu.

Alikumbuka. Ilikuwa siku tuliyoezeka nyumba yetu. Majirani wote walikuja, mama akapika, mabati yalipokwisha kupigiliwa akacheza uani, na mtu mmoja akampiga picha. Tarehe imeandikwa nyuma yake. Yakobo aliificha miaka sita ili mama asiione. Ndiyo picha iliyo kwenye jalada la programu mliyoshika. Hatuna nyingine ambayo anacheka.

Marehemu ameacha watoto watatu, Yakobo, Domitila na Emmanuel, wakwe wawili, wajukuu saba, mmoja wao aitwaye Christina, na shemeji zake wa hapa Muyinga. Tunawashukuru madaktari, wanaparokia, bwana Radjabu, na bibi Adventina ambaye uzee haukumruhusu kusafiri.

Yakobo anamwomba mama yake msamaha mbele yenu, kwa kuwa alipokuwa hai hakuthubutu.

Melania, binti Christina, apumzike kwa amani, amani ambayo sisi hatukuweza kumpa.