Mraba wa Chovae

Kijiwe cha geti la bandari, Kismayu, ni ubao wa mashua iliyovunjwa uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kituo cha bajaji, na mbele yake Mulki na mabirika yake ya kahawa ya tangawizi. Anayekaa hapo baada ya alasiri ana haki mbili, kunywa na kubisha. Siku hiyo Ghalib, kuli wa bandarini, alifika akiwa hana hamu ya kunywa. Asubuhi alikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, watu wa mradi wa maji wanaonyesha ukutani hali ya hewa ya miaka ijayo, na vijiji vitakavyojengewa majabia, yale matangi ya saruji ya kukinga mvua. Chovae, kisiwa alichozaliwa, huko kusini, si mbali kwa mashua, hakikuwamo. Mama yake, Mwanasiti, alikimbilia Mombasa wakati wa vita vya tisini na moja, na hadi leo sharti lake la kurudi Chovae ni moja tu: awe na maji ya kunywa. Jabia la ukoo lina nyufa. Ghalib alishamwahidi kwamba mwaka huu litajengwa jipya.

– Wametufanya maji, alisema kabla hajakaa.

– Nani kafanywa maji? aliuliza Idris, ambaye wote humwita Injini, kwa kuwa kila mashine aitengenezayo hunguruma vizuri mpaka mwenyewe aondoke nayo, kisha huzima.

– Chovae. Nimewauliza, kisiwa changu kiko wapi? Yule msichana wao, Tasnim, kaweka kidole kwenye buluu ya ramani. Hapa, ami, modeli inahesabu bahari. Bahari, Injini. Kwani mimi nimezaliwa na samaki?

– Hiyo modeli ni kichu gani? aliuliza Injini, kwa lahaja ya visiwani, ambayo kitu ni kichu na mtu ni mchu.

Ghalib alieleza kwa hasira, kama mtu anayesoma mashtaka.

– Ni hesabu, inapigwa na kompyuta kubwa. Wanaikata dunia miraba miraba, bahari na nti kavu. Kila mraba na joto lake, upepo wake, mvua yake, na kila mmoja unampa jirani yake yaliyoupata. Zamani mraba mmoja ulimeza kuanzia hapa hadi huko kwa kuelekea Ras Kamboni, sote mvua moja. Sasa wameifanya midogo. Unaona mkondo wa bahari unavyojipinda. Unaona tufani inazunguka, ina jicho katikati. Jicho la tufani wameliona, Chovae hawakuiona.

– Kwa nini?

– Mraba wetu una maji mengi kuliko ardhi, basi wote ukapigwa bahari. Na bahari haijengewi jabia.

Mulki alimmiminia kikombe bila kuulizwa. Fahad, aliyeketi ubavuni mwa Injini, akakohoa. Huyu ndiye Mahakama. Hakuna kesi kijiweni isiyopitia kwake, na hajawahi kumwachia mtu huru.

– Hilo limepangwa, alisema Mahakama. Kisiwa kina wenyewe, na wenyewe wana maji yao ya kuvua. Bahari tupu haina mwenyewe. Kisiwa kikishafutwa, meli za wageni zitakuja kutega nyavu mlangoni mwa msikiti wa Chovae, na ukiwauliza watakuonyesha karatasi.

– Waryaa, we bwana, acha meli, alisema Injini. Mashine imechoka tu. Kompyuta inayopiga hesabu ya bahari nzima inapata joto. Joto likizidi, inaruka vichu vidogo vidogo. Nipeni mimi niifungue nisafishe plagi, visiwa vyote vitarudi.

– Ukiigusa weye, alisema Mulki, hata Kismayu itazama.

Walicheka, isipokuwa Ghalib. Mahakama hakupenda kesi yake ichekwe, akaipandisha.

– Hamjiulizi hizo tufani ziko humo ndani zinafanya nini? Wanazifuga. Tufani ikikomaa wanaifungulia, na lazima wawe na mahali pa kuijaribia. Wametafuta pwani nzima, wakaona pale hapana mchu.

– Tena haitahitaji tufani, alidakia Injini. Bahari ikishaandikiwa mraba, itakuja kuchukua haki yake. Leo Chovae. Kesho bandari. Kesho kutwa utaamka ukute kambare chini ya mto wako.

– Kambare si wa bahari, alisema Mulki.

– Hao watakuja na mvua.

Ghalib alikitua kikombe kwa nguvu, kahawa ikamwagika ubaoni.

– Hapana mchu, kasema nani, Mahakama? Pale pana makaburi ya babu zangu. Pana msikiti, pana visima vilivyoingia chumvi, pana nyumba ya mama yangu. Vita vilitutoa, tukanyamaza. Kambini tukaitwa kwa namba, tukaitikia. Sasa mtu aliyekaa kwenye baridi kwao, hajawahi kukanyaga mchanga wetu, anatuzamisha kwa kikokotoo, nanyi mnaniletea kambare.

Mulki alipangusa ubao kwa kitambaa. Ghalib aliona wazi kwamba wenzake wanamwonea huruma, jambo lililomkera zaidi.

Ndipo bajaji iliposimama na Tasnim akashuka, begi la kompyuta begani. Alisalimia, akamwamkia kila mmoja, akaketi ukingoni mwa ubao.

– Ami Ghalib, umeondoka kabla sijamaliza kusema.

– Ulikuwa umebakiza nini? Papa?

– Mraba unarekebishika. Nikiwaandikia wenye modeli kwamba pale ni nchi kavu, watarudia hesabu kwa ajili ya kisiwa. Lakini modeli hatuiamini hivi hivi. Kwanza tunaipa miaka iliyopita, tunaangalia kama itatupa mvua iliyonyesha kweli. Hapa Kismayu kuna kipimo cha mvua. Chovae hakuna. Basi nimekuja kwenu wenyewe.

– Hapo umefika, alisema Mahakama, akijiweka sawa. Uliza.

– Masika ya mwaka jana, Chovae, yalikuwaje?

Mahakama alimtazama Injini. Injini akatazama ndani ya kikombe chake.

– Mwaka jana hasa? aliuliza Injini.

– Au mwaka juzi. Mwaka wowote mnaoukumbuka.

– Jabia lilijaa, alisema Ghalib haraka. Lilijaa mpaka juu, tukachapwa kwa kuogelea ndani yake.

– Mwaka gani huo, ami?

– Nilikuwa mtoto.

– Kabla ya vita?

Ghalib alikivuta kikombe karibu.

– Kule wachu wapo hata leo, alisema Mahakama. Wanavua, wanaishi. Waulize wao.

– Nitawauliza sasa hivi. Nipeni jina la mmoja, na namba yake.

Wote watatu walitoa simu. Ghalib aliteremsha majina kwa kidole gumba: binamu wa Mombasa, shemeji wa Nairobi, rafiki aliyebaki kambini, mpwa wa London, makuli wenzake wa bandarini. Alifika mwisho akaanza upya, polepole zaidi. Mahakama alikuwa wa kwanza kuirudisha simu mfukoni.

Aibu ilimpanda Ghalib hadi masikioni. Tasnim alikuwa bado anamngoja, kwa adabu, begi mapajani. Akampigia mama yake, naye akapokea mara moja, kama kawaida yake.

– Mama, masika ya mwaka jana Chovae yalinyesha vizuri?

Sauti ya Mwanasiti wote pale ubaoni waliisikia.

– Waniuliza mimi niliye Mombasa? Miaka yote hii uko hapo Kismayu, mwanangu. Kwani hujaenda?