Picha Ukutani kwa Warfa

Asubuhi baada ya matokeo ya uchaguzi wa 2002, benchi la kibanda cha kahawa cha Warfa karibu na soko la Machakos lilijaa mapema, lakini kahawa ilikuwa inapoa vikombeni. Miaka yote, kila duka, hata kibanda, lilitundika picha ya Rais, na kitu kingine kisipande juu yake. Warfa alishawahi kulala selo kwa ajili ya kalenda iliyopanda kidogo. Sasa mwenye picha alikuwa anaondoka, chama chake kimebwagwa, na vijana walikuwa wanateremka kutoka Mumbuni na matawi na honi, wakivunja vioo popote walipoikuta picha hiyo. Mimi niliogopa, sitaficha. Mambo yakiharibika, Warfa, kwa kuwa ni Msomali, ndiye huambiwa arudi kwao, na kwao ni hapa hapa.

— Toa! alisema Ndolo, tunayemwita Lusaka kwa sababu aliendesha lori mpaka Zambia. Nilikuwa huko tisini na moja. Mzee wao alishindwa kwa kura, akaenda nyumbani, picha zikashuka. Afrika imebadilika, mwanaasa, ndugu yangu!

— Wacha! Josphat alimkata. Yeye tunamwita Diwani, kwa kushindwa udiwani kila mara. Kwingine mzee anashindwa asubuhi, jeshi inamrudisha jioni. Halafu inaulizwa: nani alitoa picha? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Picha iko juu, Diwani!

— Basi apande!

— Jamani, nitoe ama nisitoe? Warfa aliuliza. Hiyo kelele imefika stendi.

— Igeuze iangalie ukuta, alisema Lusaka.

— Aiya! alisema Diwani. Hiyo ni matusi. Weka mbili, ya zamani na ya mpya.

— Mpya iko wapi?

— Sijui. Lakini hizi za zamani ziko na waya nyuma, inaenda mpaka Nairobi. Wanajua nani alitoa, na ni mkono gani.

Hakuna aliyecheka.

— Wajue! Lusaka akainua kidole chake chenye wino wa kura. Ni sisi tuliamua!

Diwani akainua chake. Nami nikainua changu.

Warfa akapanda kiti, akaishusha picha, akabaki ameikumbatia, hajui aiweke wapi. Hapo akaingia mama mmoja, Kavindu, muuza vinyago kutoka Wamunyu, mgeni benchini. Akaagiza kahawa. Warfa akaibana picha magotini, akammiminia.

— Hao vijana wanaambia watu waonyeshe vidole, alisema Kavindu. Kisha akautazama mkono wenye birika. Na wewe, mbona kidole yako haina wino?

— Sina kura, mama. Kitambulisho yangu bado inachunguzwa. Tangu nikiwa kijana. Na nilizaliwa hapo nyuma ya kichinjio.

Kavindu akatugeukia.

— Na nyinyi mnakunywa kahawa yake kila siku. Hamkuwahi kuona?

Lusaka akamtazama Diwani, Diwani akaniangalia mimi. Aibu ilinishika. Mmoja mmoja, tukatia mikono mifukoni.

— Vidole juu! vijana wakapiga kelele mlangoni.

Hakuna aliyetoa mkono.