Mtungi Hauuzwi

Mwaka tisini na nane, kwenye pantoni ya Kilombero, kijana mmoja wa Mlabani alipakata spika mbili ndogo za kompyuta. Jirani yake alikuwa mama aliyekumbatia mtungi mtupu, miguuni kaweka mfuko wa mchele na kuku wawili. "Shikamoo mama. Mtungi huo unauuza?" Mama akaitikia, akasema hauuzi, kwani anautakia nini? "Hizi spika nimeziunga na redio kaseti, lakini sauti yake nyembamba kama ya mbu. Nataka kuongeza spika moja kubwa, niikalishe kwenye mdomo wa mtungi. Besi itafika mpaka kwa majirani." Majirani, nadhani, hawakuwa wameulizwa.

"Tengeneza sanduku la mbao," mama akasema. "Mbao haingurumi kama udongo, mama." "Najua. Mume wangu ana mitungi yangu miwili sebuleni inapiga muziki, sisi tunakunywa maji ya moto. Huu uliobaki naenda nao hata kanisani." Kijana akazitazama spika zake mbili. "Miwili? Kumbe mzee ana stereo."

Pantoni ikagusa ng'ambo. Kijana akaomba amsaidie mzigo. Mama akamkabidhi mfuko wa mchele na wale kuku, mtungi akajitwisha mwenyewe.