Risala ya Wana Tunavuka Kuhusu Fomu ya Swalha

Mgeni rasmi, Bwana Dismas, mkuu wa Kituo cha Ushonaji cha Uzi Imara kule Zhongda, kwenye soko la vitambaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Gharib. Wazazi, walezi na vijana wenzangu. Na wewe Bi. Zainabu, mwenye mgahawa huu, uliyetupa ukumbi kwa sharti kwamba saa saba wateja wa pilau wakute viti: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi kwa waliobaki.

Msomaji wa risala hii ni mimi, Swalha Nassor, umri wangu miaka kumi na tisa. Nina mtindio wa ubongo, kwa hiyo mkono wangu wa kulia una mambo yake na ulimi wangu hauna haraka. Mzee Gharib alijitolea asome yeye ili tuwahi. Tukapiga kura. Alipata kura moja, na tunampongeza kwa kujiamini. Wewe mgeni rasmi kunywa chai yako, tutafika.

KARIBU XIAOBEI

Tunajua umeshuka metro kwenye mtaa wetu huu wa Guangzhou, ukapotea, ukauziwa soksi jozi tatu na chaja kabla hujaifikia ngazi yetu. Hapa ndivyo tunavyokaribishana. Tunakushukuru kwa kuja, maana barua zetu mbili ulizijibu kwa ufupi sana.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki cha Tunavuka kilizaliwa kwa makosa. Miaka minne iliyopita Mwalimu Rozina, ambaye anasomea elimu maalumu chuo kikuu hapa Guangzhou, alibandika tangazo kwenye ngazi za jengo hili: "Semina ya Kipindi cha Mpito." Alimaanisha mtoto mwenye ulemavu anapotoka mikononi mwa mama kwenda chekechea, chekechea kwenda shule, shule kwenda kazini, kila anapovuka, awepo wa kumshika mkono. Lakini Dullah, wakala wa kago, alilisoma akasema, "Mpito si ndiyo transiti kwa Kiswahili cha wasomi!" Akatuma sauti kwenye magrupu yote ya wafanyabiashara. Siku ya semina wakaja watu thelathini na nyaraka zao mkononi, wanataka kujua mzigo wa Lubumbashi unaruhusiwa kukaa siku ngapi bandarini Dar.

Mwalimu Rozina akafundisha saa nzima. Hakuna aliyeondoka, kwanza kwa sababu nje mvua ilikuwa inapiga. Kisha Bi. Zulekha, mama yake Burhani, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi mzigo wa Lubumbashi sina. Lakini huyo mtoto unayemsema, ninaye nyumbani." Baba yangu naye akasema anaye. Hadi alasiri wakawa saba, na kila mmoja alikuwa anadhani yuko peke yake katika mji mzima. Dullah hana mtoto hata wa kuazima, lakini ndiye katibu wetu mpaka leo.

TULICHOFANIKISHA

Tuna darasa la Jumamosi lenye watoto kumi na mmoja. Fathiya, miaka minne, sasa anavaa viatu mwenyewe. Kipi kinaingia mguu upi, huo ni uamuzi wake.

Burhani ana miaka kumi na sita na haoni. Mwezi uliopita alivuka barabara kuu ya Huanshi Zhonglu peke yake kwa fimbo nyeupe. Kwenye ripoti tuliandika "peke yake", ila risala haisemi uongo: mama yake alimfuata, kajificha nyuma ya mkokoteni wa maboksi. Walipofika ng'ambo Burhani akageuka, "Mama, rudi nyumbani. Malapa yako nayasikia tangu kwenye ngazi." Bi. Zulekha yuko hapa. Siku hizi anavaa raba.

KINACHOTUKWAZA

Mgeni rasmi, wadogo wana pa kwenda, hata kama ni kwa taabu. Shida ni ukishatimiza kumi na nane. Hapo kila mlango unakwambia *meiyou*, lile neno la wauzaji wa hapa la "hakuna", hata kama kitu chenyewe unakiona rafuni. Mimi nimebaki darasa la Jumamosi mwaka wa pili sasa, nahesabu shanga pamoja na Fathiya. Shanga ni mia mbili na nne. Hazijawahi kuongezeka.

Na mimi nashona. Nakata kwa mkono wa kushoto, na wauza vitambaa wa Zhongda wananijua kwa ubishi. Gauni alilovaa Bi. Zainabu leo ni kazi yangu, pamoja na pale kiunoni aliponidanganya kipimo.

Basi tulileta maombi kituoni kwako, na fomu aliijaza baba. Baba yangu anafunga maboksi ya vikombe na sahani mwaka wa ishirini sasa. Alipofika penye "Maelezo ya mwombaji", mkono ukaandika kwa mazoea: INAVUNJIKA. USIPINDUE. USIWEKE KITU JUU YAKE. Nawe mgeni rasmi ukajibu kwa heshima kwamba kituo hakina huduma ya kulea watoto. Hatukulaumu. Hata sisi tungeogopa kumpokea mtu aliyeandikwa hivyo.

Nilikasirika, sikusema na baba siku tatu. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, maneno yale huwa naandika kwenye vitu nisivyotaka viharibike." Nililia, sifichi. Lakini fomu ilikuwa imeshakataliwa, na mimi si sahani.

TUNACHOOMBA

Tumesikia imebaki nafasi moja na masomo yanaanza Jumatatu. Kamati ilitaka tuombe pia feni, vyerehani viwili na kalenda za kituo. Nimevifuta vyote. Tunaomba hiyo nafasi moja.

Fomu mpya hii hapa. Nimeijaza mwenyewe kwa saa nzima. Herufi zinapanda mlima lakini zinasomeka. Penye maelezo nimeandika: anajua kupima, kukata na kushona, mkono na mguu wa kulia ni mizito, anahitaji kanyagio la cherehani liwe upande wa kushoto, anabishana. Penye sahihi ya mzazi nimepiga mstari, kwa kuwa fomu yenyewe inasema sehemu hiyo ni ya walio chini ya miaka kumi na nane.

Baba aliisoma jana mara mbili. Akauliza kama Jumatatu anaweza kunisindikiza. Tukalipeleka suala kwenye kamati. Anaruhusiwa mpaka getini.

Jambo la mwisho, mgeni rasmi. Tunajua mazoea. Ukisimama kujibu utamtafuta baba kwa macho, umwambie habari za "mtoto wetu". Baba amekaa kule nyuma ya Mzee Gharib makusudi, na Mzee Gharib ni mpana. Mimi nipo hapa mbele yako. Iwe ndiyo, iwe hapana, niambie mimi.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe na wanafunzi wabishi wanaomaliza kazi zao.

Ni sisi,
Kikundi cha Tunavuka, Xiaobei, Guangzhou.

Imesomwa na kutiwa sahihi na
Swalha Nassor, mwombaji.