Mama Sampuli na Waya wa Breki ya Mkono

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeuza spea za magari ya zamani kwa miaka arobaini na miwili. Mafundi wote wa mjini walimwita Mama Sampuli. Amefariki akiwa na miaka sabini na moja, kwa ugonjwa wa moyo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja, rafu hadi darini, harufu ya grisi tangu mlangoni. Juu ya kaunta palikuwa na rula ya chuma na miwani iliyofungwa uzi isipotee. Ukiingia, hakukuuliza unataka nini. Aliuliza, "Umekuja na sampuli?" Yaani, umekuja na kile kilichoharibika? Kama hukuja nacho, alikurudisha. Mama Sampuli hakuuza kitu cha breki kabla hajashika cha zamani mkononi.

Alikuwa na sababu. Gari la zamani lina mambo mengi. Kiwanda kiliweza kubadilisha breki za nyuma katikati ya mwaka bila kumwambia mtu. Utakuta magari mawili ya mwaka mmoja, sura moja, kumbe waya wa breki ya mkono wa hili ni mrefu kuliko wa lile. Lenye usukani kushoto lina waya wake, na la kulia lina wake. Tena mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari mara nyingi ni mwaka lilipoandikishwa, si mwaka lilipoundwa. Kwa hiyo Mama Sampuli hakuamini kadi. Aliamini namba ya chesisi, na kuliko namba aliamini rula yake.

Binti yake anakumbuka siku dereva wa mkubwa mmoja alipoingia na picha ya waya wa breki kwenye simu.

"Mama, bosi kasema nipe kama huu."

Mama Sampuli akavaa miwani, akaitazama ile picha kwa heshima zote. "Mzuri," akasema. "Urefu wake?"

"Mama, hii ni picha tu. Haina urefu."

"Basi na mimi sina waya."

Bosi akapigiwa simu, akafoka mpaka wateja wakamsikia. Mama Sampuli akaendelea kufuta rafu. Baada ya saa moja bosi akaja mwenyewe, waya wa zamani umemning'inia shingoni, shati jeupe lote grisi. Akapewa waya sahihi, na kiti cha kupumzikia.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, yuko mtu aliyeuziwa bila sampuli. Mmoja tu. Ni mdogo wake wa kiume, kinyozi.

Kinyozi alikuwa na gari la kijani la tangu ujana wake. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeanza kukatika nyuzi, fundi akaufungua, akamtuma akanunue mwingine. Akafika dukani mbio mbio.

"Umekuja na sampuli?" dada yake akauliza, kama kawaida.

"Iko nje, kwenye buti la gari. Lakini dada, gari hili si unalijua? Nipe tu, nimemwacha mteja kanyolewa nusu kichwa!"

Akamtajia mwaka ulio kwenye kadi. Mama Sampuli akamcheka yeye na mteja wake, akatoa waya rafuni, akampa. Gari lilikuwa limeegeshwa pale mlangoni. Kutoka kaunta hadi kwenye buti ni hatua kumi.

Waya ule ulizidi urefu kwa upana wa vidole viwili. Fundi alikaza nati ya kurekebishia hadi mwisho, na siku hiyo breki ikashika. Ila waya mpya huvutika kidogo ukianza kazi, na nati haikuwa na pa kukazwa tena. Siku ya tisa, kinyozi aliegesha kwenye mteremko mbele ya saluni yake. Akavuta breki, akaenda nyuma kushusha kiti kipya cha wateja. Gari likarudi nyuma taratibu, likambana ukutani. Goti lake la kulia halikupona. Tangu hapo ananyoa watu akiwa amekaa kwenye stuli ndefu. Gari likaingizwa bandani, likafunikwa turubai.

Kinyozi anasema, "Sikumlaumu dada hata siku moja. Uvivu wa kufungua buti ulikuwa wangu. Lakini kuingia tena duka lile, miguu ilikataa."

Walionana kwenye harusi na misiba. Wakajuliana hali, kisha kila mmoja akatafuta wa kuzungumza naye.

Mama Sampuli alijilaumu, na aliumia. Hilo tuliseme wazi. Akaanza kuutafuta waya sahihi. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuzitengeneza nyaya hizo, kwa hiyo akaomba namba ya chesisi kwa fundi, akawaandikia wauza spea wa mbali. Wa kwanza ulikuja na urefu ulioandikwa kwenye kitabu cha kiwanda, lakini ncha yake ilikuwa ndoano badala ya kifundo. Wa pili ukawa wa usukani wa kushoto. Wa tatu ulionekana ndio wenyewe. Utafutaji huo ulimchukua miaka kumi na mitatu.

Akautundika kwenye msumari nyuma ya kaunta na kikaratasi: "Hauuzwi." Ukakaa pale miaka sita mingine.

"Si umpelekee mjomba?" binti yake alimwambia.

"Sijaupima na wa kwake," alijibu. "Na sina uso wa kwenda kumwomba ule wa kwake."

Aliogopa, wasikilizaji wapendwa. Aliogopa kumkosea mara ya pili mtu yule yule.

Mama Sampuli alifariki Jumanne asubuhi. Mchana wake binti akautoa waya msumarini, akachukua na ile rula, akaenda saluni. Mjomba akautazama waya bila kuugusa. Kisha akasema, "Twende tukalete sampuli."

Wakafunua turubai. Buti lilikuwa na kutu, likafunguliwa kwa bisibisi. Waya wa zamani ulikuwa bado mle, umefungwa kwenye gazeti. Wakazilaza nyaya mbili sakafuni, binti akapitisha rula. Zililingana ncha kwa ncha. Kinyozi akalia kwa sauti.

Alhamisi, fundi akiwa ameshaufunga waya ule, gari la kijani lilifika makaburini kwa tairi za kuazima. Lango la makaburi liko kwenye mteremko. Kinyozi akavuta breki ya mkono, akaacha gia huru, akateremka na mkongojo wake. Akazunguka, akasimama nyuma ya gari, mgongo kwenye buti. Binti akamwambia, "Mjomba, toka hapo." Hakutoka mpaka jeneza la dada yake lilipopita.

"Umeshika," akasema.

Tunampa pole binti, ambaye ameendelea na duka. Tunampa pole kinyozi. Tunawapa pole mafundi wote waliowahi kurudishwa wakalete sampuli. Mungu ampumzishe Mama Sampuli.

Nanyi mnaotusikiliza, mtafakari kidogo mnapozima redio. Kutoka kaunta hadi kwenye buti ni hatua kumi. Dada na mdogo wake walizitembea kwa miaka kumi na tisa.